Zamu Iliyobaki

Waya wa ua wa shule umepita katikati ya shamba letu la chai. Si kosa la shule. Baba mkwe wangu ndiye aliyeitoa ardhi, enzi zile wazee walipokuwa wakitafuta mahali pa kuwasomeshea watoto wa huku mlimani. Akawaambia kateni kuanzia hapa mpaka pale kwenye mkaratusi, nao wakakata. Michai iliyobaki upande wa pili iling'olewa, pakawa kiwanja cha mpira, na huku kwetu ikabaki mistari niliyoikuta nilipoolewa na ambayo ninaichuma hadi leo. Watoto wangu wote walisoma hapo, na saa ya chakula walikuwa wakiruka waya kuja kula. Mmoja sasa yuko Nairobi, mmoja Mombasa, na wa mwisho alikwenda Saudia kutafuta kazi. Mzee wangu naye tulimlaza kando ya migomba. Nyumbani nimebaki mimi, kuku na redio.

Nasema haya mapema ili ujue kundi la chai lilikuwa nini kwangu. Sisi huku tunachuma kwa egesangio, yaani majirani wanawake wanajikusanya, leo wanachuma kwa huyu, kesho kwa yule, zamu inazunguka mpaka inarudi ilikoanzia. Hakuna anayelipwa. Ukichumiwa, nawe unachuma, basi. Tulikuwa sita. Tunaanza umande ukiwa bado majanini, nailoni ya kuzuia maji kiunoni, kikapu mgongoni, na midomo haifungwi mpaka tusikie lori la kiwanda likipanda kutoka Itumbe. Humo kwenye mistari ndimo nilimopata habari, ushauri, masengenyo na vicheko vya wiki nzima. Mzee wangu alipofariki, wenzangu walikuja wakanisimamia mlangoni, wakasema amka, chai haingoji mtu amalize kulia. Nikaamka.

Kati ya hao watano, mmoja alikuwa wangu hasa. Tuliolewa mwaka mmoja, na ndugu wawili, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, na maboma yetu yametenganishwa na ua wa miti tu. Tuliitana mke mwenza, ingawa kila mmoja alikuwa na bwana wake. Mgeni akituuliza huyo bwana yuko wapi, yeye ndiye aliyekuwa mwepesi wa kujibu, "Alitushinda, tukamrudisha kwa mama yake." Wakati huo bwanake halisi alikuwa Nairobi akilinda lango la tajiri, akija nyumbani Desemba na mchele wa pishori. Tulilia pamoja, tukanyimana chumvi, tukakosana, tukapatana kabla ugali haujaiva. Kitinda mimba wake nilimnyonyesha mimi, alipolazwa baada ya kujifungua na mimi nikiwa na wangu kifuani. Kwa hiyo kijana yule alikuwa wetu sote wawili, na alijua.

Alikuwa kijana wa kupendeza, sitadanganya kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Mchangamfu, mwenye mikono ya kazi. Alimaliza kidato cha nne hapo hapo shuleni kwetu, kazi akaikosa, akaendesha bodaboda ya watu kati ya hapa na Ogembo mpaka mwenye pikipiki akaichukua. Ndipo akaanza kuoka keki ndogo ndogo. Alioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama yake hakulala kwa fahari. "Wenu wamelala mitaroni wananuka bangi," alituambia kwenye chai, "wangu anaoka!" Mimi mwenyewe nilimkusanyia makopo madogo ya siagi ya kuokea, yenye mkunjo kama pete chini. Siku moja nikamwomba keki moja ninywee chai. Akaficha ndoo nyuma yake huku akicheka.

"Hizi zimeagizwa, mama mdogo. Zako nitakuokea kesho."

Kesho yake aliniletea mbili, tamu, zingali na joto, na pete ya kopo chini. Nikamwombea baraka.

Basi asubuhi moja ya siku ya shule nilikuwa upande wa mkaratusi nikitafuta kuni. Waya hapo ulikuwa umelegea tangu zamani. Nikasikia mtu anacheka ndani ya michai. Nikasema, hawa ni wapenzi, nikaokota kijiti niwatandike. Nilikuta msichana peke yake, sare ya shule, sweta amelivaa nyuma mbele, kiatu kimoja mguuni. Anacheka, halafu analia, halafu anacheka. Aliponiona alininyoshea mikono yote miwili akaniuliza mikono yake imekwenda wapi.

Yesu wangu! Nilikitupa kile kijiti. Nilimpapasa, ngozi ya baridi, moyo unamwenda mbio, macho mekundu yasiyokaa mahali. Mkononi alikuwa ameshika karatasi ya daftari yenye makombo, na kipande cha keki hakijaisha. Nikakinusa. Juu sukari, chini bangi, na nani asiyeijua harufu hiyo milimani huku. Nikakigeuza. Chini kulikuwa na pete.

Nilimbeba mgongoni jinsi tunavyobeba kuni, nikampitisha pale pale kwenye waya uliolegea, akinitapikia shingoni. Walimu walimpokea wakamkimbiza hospitali. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole wa kutoka upande wa Nyamira, alinifungia mlango wa ofisi akanipa maji ya kunawa.

"Huyu si wa kwanza, mama," akaniambia. "Nimekagua mabegi, nimekagua madawati, nimewapekua langoni kama wezi. Sipati kitu. Keki nani atashuku? Wanakula mbele yangu. Wewe unajua zinatoka wapi?"

Nilikuwa na harufu ya matapishi shingoni na bado nilisita. Nilifikiria ule ua wa miti. Nilijua kabisa kwamba nikifungua mdomo nitapoteza watu pekee niliobaki nao duniani, na nisipoufungua, mtoto mwingine atalala kwenye chai yangu, na huenda huyo asipatikane akicheka.

"Nipe siku chache, mwalimu," nikasema. "Kuna mtu lazima nimwambie kwanza."

Hapa lazima nieleze jambo moja, na nashukuru ninaandika kwa Kiswahili, maana kwa Kigusii ulimi ungenikwama. Kijana wetu akishatahiriwa hujengewa nyumba yake, esaiga. Kuanzia siku hiyo mama haingii humo. Baba naye haingii. Si sheria ya kuandikwa, ni haya. Kitanda cha mwanao hukioni, nguo zake za ndani huzioni, na yeye hajui kwako chumbani kukoje. Hata ukimpelekea chakula unaita kutoka nje. Sisi tumekuwa Wasabato vizazi vitatu, tuna simu, tuna watoto Arabuni, lakini hilo hatujaliacha. Mimi wangu wa kiume sikuwahi kuingia kwake hata mara moja, na nyumba yenyewe iko hatua chache kutoka jikoni kwangu.

Kwa hiyo nilipomwambia mke mwenzangu aingie kwa mwanawe aangalie, alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. Tulikuwa kwenye chai ya mmoja wa wenzetu, sisi wawili tumewatangulia wengine. Nilikuwa nimemweleza yote, msichana, karatasi, pete ya kopo.

"Niingie wapi?" akaniuliza.

"Mke mwenza, nimekwambia nilichokiona."

"Na mimi nakuuliza, niingie wapi? Wewe uliingia kwa wako?"

"Sikuingia."

"Sasa?"

Tukachuma mstari mzima. Halafu yeye mwenyewe akapata dawa. Babu! Kwetu babu na mjukuu hawana haya baina yao. Wanataniana, wanatukanana, mjukuu anamwambia babu nitakunyang'anya mkeo, babu anamwambia jaribu nikuvunje meno. Babu anaingia esaiga saa yoyote apendayo. Na baba mkwe wa mke mwenzangu, baba mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwapo, mzee wa fimbo na kofia, mkali kwa kila mtu isipokuwa wajukuu. Nikafurahi kweli. Nilijiona mwenye akili. Tukamwita mzee jioni ile ile, tukamnong'oneza, akakohoa kwa heshima ya kazi aliyopewa, akaenda.

Sisi tulijificha jikoni, tunachungulia kupitia upenyo. Tukasikia kicheko ndani ya esaiga, cha kijana na cha mzee. Kikakatika, kikaanza tena. Mzee akatoka baadaye akijifuta ndevu.

"Hamna kitu," akatangaza. "Hamna kitu humo ila vyakula. Mtoto mzuri sana. Amenipa keki."

"Umekula?" nikamuuliza.

"Ningeitupa?"

Loo! Haikuchukua muda. Mzee alianza kumcheka ng'ombe. Akamwambia ng'ombe ana uso wa chifu. Akacheka lango, akacheka fimbo yake, akakaa chini ya mgomba akasema mbingu leo zimeshuka, tumwambie mtu azisukume. Majirani walikusanyika, wengine wakishika mbavu, wakisema mzee amepata busaa wapi. Mimi nilicheka kidogo pia, Mungu anisamehe, mpaka nilipouona uso wa mke mwenzangu. Mzee alilala pale pale, tukambeba ndani, na hakuamka mpaka kesho yake jua la mchana. Usiku kucha alikuwa na pumzi za kuvuta mbali.

"Ni uzee," mke mwenzangu akasema asubuhi.

"Uzee hauji na keki."

"Nimesema ni uzee!" Kisha akashusha sauti, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nitaongea naye mimi mwenyewe. Niachie."

"Na asiposikia?"

"Niachie, mke mwenza. Nakuomba."

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu kwa neno hilo. Nikamwachia. Wiki ile sikulala vizuri hata siku moja. Kila kukicha nilikuwa pale kwenye mkaratusi, nikijifanya natafuta kuni ambazo nilishazimaliza. Na siku mbili za kwanza sikuona mtu, nikaanza kupumua, nikasema Mungu ni mwema, amemsikia mama yake. Siku ya tatu nilimwona kijana anapita kando ya waya na ndoo yake, anapiga mluzi. Mikono ya sare ilipenya kwenye waya kumpokea. Alinipungia mkono kwa mbali.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, nikasema.

Chifu na polisi walikuja kesho yake asubuhi. Ilikuwa zamu ya mke mwenzangu, sote sita tuko kwenye chai yake. Tukawaona wakiingia bomani, na mtoto wa jirani akaja mbio kumwita mama mwenye nyumba. Tulikwenda sote, na vikapu mgongoni. Chifu alimwambia mama lazima awepo, aone kila kinachotolewa, asije akasema polisi walipanda vitu. Akasimamishwa pale mbele ya mlango.

Wangetoa bangi tu, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini polisi hawana haya za watu. Walianza na godoro. Wakalitupa nje uani, na madoa yake. Shuka zikafuata. Nguo za ndani. Kitambaa cha kichwa cha msichana fulani. Mama amesimama pale, mtoto wake amefungwa pingu, na godoro la mtoto wake liko miguuni pake mbele ya majirani na baba mkwe. Aliinua ile nailoni ya kuchumia akajifunika uso. Mpaka magunia ya bangi na makopo ya siagi yalipotoka alikuwa bado amejifunika, sidhani aliyaona.

Wenzetu walikuwa wakiuliza kuna nini, jamani, kuna nini? Kila mmoja aliuliza, hata zaidi ya mara moja. Mke mwenzangu alipoiteremsha ile nailoni, alitupitia sote kwa macho, akafika kwangu akasimama. Mimi sikuwa nimeuliza.

Kijana alipopitishwa kwenda kwenye gari alinigeukia. Nilijua sasa nitatukanwa, na nilikuwa tayari.

"Mama mdogo," akasema, "kuku wako walikuwa wametoka. Nimekufungia."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeshachuma kwa wote, mmoja baada ya mwingine, na yangu ndiyo iliyobaki kufunga mzunguko. Nikaamka alfajiri kama desturi, nikapika uji wa wimbi sufuria kubwa, nikachemsha viazi vitamu, nikapanga vikombe sita kwenye meza. Niliwaza watachelewa. Baadaye nikawaza watakuja wachache. Nilifunika viazi na kitambaa visipoe. Jua lilipokausha umande nilivaa nailoni yangu nikaenda kuchuma peke yangu, na ule uji nilikunywa siku mbili, uliobaki nikawapa kuku.

Hakuna aliyenitukana, hilo nataka lieleweke. Afadhali ningetukanwa, mimi nina mdomo, ningejibu. Walinisalimu. Kanisani walinisalimu, kisha wakakaa benchi lingine. Njiani walinisalimu, kisha mazungumzo yao yakaanza tena nilipokwisha kupita. Egesangio iliendelea, wanawake watano, na ningeweza kuwasikia kutoka mashambani mwao wakicheka jambo ambalo sitalijua kamwe. Chai yangu ilinishinda. Majani yalikomaa, yakawa magumu, karani wa kituo cha kununulia chai akayakataa gunia zima. Nikaanza kuita vibarua, vijana wanaochuma huku muziki unawapigia masikioni. Ukiwaambia neno wanatoa kile kidude sikioni, wanasema, "Umesema nini, mathe?" na mimi nasema hapana, sijasema kitu.

Msimu wa mvua nilikwenda Kisii mjini kununua nailoni mpya. Tunanunua kwa mama mmoja Mhindi, duka lililokuwa la baba mkwe wake, mama anayeongea Kigusii kuliko wajukuu wangu. Miaka yote tulikwenda mimi na mke mwenzangu, tukimbana bei mpaka anaapa kwa miungu yake yote. Alinikatia kipande, akakikunja, halafu mkasi ukarudi hewani.

"Na cha mwenzako?"

"Nipe kimoja tu," nikamwambia.

"Ni mgonjwa?"

"Ni mzima."

Alinitazama kwa juu ya miwani. Akapunguza bei bila kuombwa, na hilo liliniumiza kuliko yote. Nilirudi nyumbani nikilia kwenye leso kama mtoto aliyepoteza shilingi.

Shule nayo ilitengemaa, na hilo nitalisema kwa sauti. Waya ulikazwa, nguzo mpya zikachimbiwa pale kwenye mkaratusi. Mlinzi aliajiriwa, mtu asiye wa ukoo wetu. Vyakula vya kutoka nje vilipigwa marufuku langoni, na akina mama wa mandazi wakapewa meza ndani, kila mmoja akijulikana kwa mwalimu. Kwenye mkutano wa wazazi na majirani mwalimu mkuu alisema kuna jirani mmoja aliyeokoa watoto wa shule hii, hatamtaja kwa usalama wake, lakini tumpigie makofi. Watu walipiga makofi sana. Wenzangu wa chai walikuwa safu ya mbele yangu, nao walipiga, wakitazama mbele.

Msichana yule alipona akarudi darasani. Anaishi kwa shangazi yake, na njia yao inapita kando ya shamba langu. Nilimwona mara ya kwanza akiwa na wenzake watatu, sweta limekaa vizuri, viatu viwili, anabishana na mtu kuhusu hesabu. Nikaacha kuchuma. Nilifikiri ataniangalia. Alisema, "Shikamoo, nyanya," kama anavyomwambia bibi yeyote wa njiani, akapita. Na kwa nini anijue? Siku ile hata mikono yake mwenyewe hakuijua. Anapita kila siku, jioni na asubuhi, hakuna kinachotokea. Nimejifunza kwamba hicho ndicho nilichokinunua, watoto kupita bila kitu kutokea, na hakuna anayekuja kukwambia asante kwa jambo ambalo halikutokea.

Mtu akiniuliza, ningefanya tena. Nasema hivyo nikiwa nimejifungia ndani nalia, lakini nasema. Ila watu hawaulizi.

Kijana alifungwa. Mama yake alikuwa akienda kumwona, nilimwona akitoka asubuhi na mfuko wa sabuni na sukari, akirudi jioni miguu inaburuta. Bwanake aliacha kuja Desemba, sijui ni aibu au ni nini. Kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili, kila mmoja peke yake na redio yake, tunatenganishwa na miti. Nilijua akikohoa. Nilijua akipika mboga gani, kwa harufu. Mara nyingi nilifika mpaka kwenye ua, nikasimama na bakuli la mboga ya chinsaga niliyoichemsha kwa maziwa jinsi anavyoipenda, nikarudi nayo. Anayekuja kwangu mpaka leo ni yule mzee tu, na fimbo yake. Anakaa jikoni bila kukaribishwa, ananiuliza kama sina keki. Tunacheka kidogo, halafu tunakaa.

Mwaka huu, mvua za masika zilipopungua na chai ikachipuka kwa fujo, niliamka asubuhi moja nikafungua dirisha la jikoni. Kulikuwa na mtu kwenye chai yangu. Upande wa mbali kabisa, kwenye mkaratusi, nailoni kiunoni, kikapu mgongoni, ameinama. Sikuhitaji miwani. Ningemjua kwa mgongo wake hata ningekuwa kipofu wa jicho moja, anavyochuma kwa mikono miwili kwa pupa kana kwamba majani yatamkimbia.

Nilivaa haraka haraka, gambuti moja la marehemu, moja langu la zamani, nikaenda nikaanza upande wangu. Sikumwita. Niliogopa kumtisha, kama ndege. Nilichuma kumwelekea, naye alichuma kunielekea. Asubuhi ile yote tulikuwa tunakaribiana, mstari kwa mstari, na mimi nilikuwa naongea naye kichwani, namweleza habari zote alizozikosa, mwanangu wa Saudia anataka kuolewa, kuku yule mweupe ameibwa, mzee ameniomba nimpe keki tena. Kengele ya mapumziko ikalia shuleni, watoto wakamwagika kiwanjani. Nikakimbia nyumbani nikapika chai ya maziwa mengi, nikachukua viazi, nikachukua vikombe viwili.

Niliporudi alikuwa amefika kwenye gunia langu. Alimwaga kikapu chake cha mwisho ndani, akayashindilia majani kwa kiganja, taratibu, kama alivyofanya siku zote ili yasivunjike. Alikuwa amezeeka. Nami pia, bila shaka.

"Mke mwenza," nikasema, "tukae."

Alifungua nailoni kiunoni, akaikung'uta, akaikunja mara mbili, akaiweka kwapani.

"Zamu yako ilikuwa imebaki," akasema. "Sitaki kubaki na siku ya mtu."

Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Afadhali ingekuwa nao. Akaviangalia vile vikombe, akaniangalia, nikadhani mdomo wake unataka kusema neno lingine. Akageuka akapita penye upenyo wa miti, na nikasikia mlango wake ukifungwa.

Chai ilipoa mikononi mwangu. Nilinywa kikombe changu, kisha nikanywa na chake, maana kumwaga maziwa ni dhambi.

Jioni nilipeleka gunia kituoni. Karani alilitundika kwenye mizani, akatikisa kichwa kwa mshangao, kwa sababu amezoea kuniona na majani ya kujaza mfuko tu.

"Leo umepata watu, mama. Mlikuwa wangapi?"

Nikamwambia tulikuwa wawili.